Kuchangisha Fedha za Utafiti wa Saratani Nyanda za Juu Kusini: Mwongozo Kamili kwa Familia Iliyouguza

Ugali ulianza kumkwama baba mwezi wa tano. Alisema ni mfupa wa samaki, akanywa maji, akarudi kwenye viazi vyake Uyole, Mbeya. Mwezi wa nane alikuwa anakunywa uji tu, tena mwepesi. Alipoingizwa mpira wenye kamera kooni tukaambiwa ni saratani ya umio, yaani lile koo la chakula, na kwamba imeshasambaa. Safari za basi kwenda Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 800 kwenda na nyingine kama hizo kurudi, zililipwa na michango ya ndugu na majirani. Mwaka haukuisha tukiwa naye.

Siku ya kuanua matanga baba mkubwa aliuliza swali lililokuwa midomoni mwa wote: mtu hakuvuta sigara, pombe aliacha zamani, huu ugonjwa umetoka wapi? Mimi nilikuwa nimeshamuuliza daktari. Alinijibu bila kuzunguka kwamba sababu zake katika ukanda wetu bado zinachunguzwa. Nilitoka pale na hasira, lakini baadaye hasira ile ikawa kazi. Kama wanachunguza, wanachunguza kwa fedha za nani? Na sisi ambao tumechangia harusi na misiba tangu tukiwa watoto, tunashindwa vipi kuchangia hilo?

Tumefanya. Tulikosea pengi, na haya ninayoandika ni njia ambayo ningeifuata kama ningeanza leo.

Kwanza kabisa: jua unachangishia nini

Watu wetu ni wepesi kumchangia mgonjwa. Mgonjwa anaonekana, ana kitanda na ana jina. Utafiti hauna kitanda. Ukisimama mbele ya watu ukasema "tunachangia saratani", nusu yao wataelewa kuwa kuna mtu anahitaji dawa, na wakisikia baadaye kwamba fedha imekwenda kuchapa dodoso, yaani karatasi za maswali ya watafiti, watakuita mwizi. Kwa hiyo tenganisha mambo mawili tangu sentensi ya kwanza. Matibabu ni kumtibu aliyekwisha kuugua. Utafiti ni kutafuta kwa nini watu wanaugua, ugonjwa ugundulike mapema vipi, na tiba ipi inafaa kuliko nyingine. Vyote ni vyema, ila usiviweke kwenye kapu moja.

Mfano ninaoutumia mimi unatoka hapahapa nchini. Saratani ya shingo ya kizazi husababishwa na kirusi cha HPV, na chanjo yake ilianza kutolewa nchi nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, dozi mbili. Wakati huo Mwanza kulikuwa na utafiti uliowashirikisha wasichana 930 wa miaka 9 hadi 14, kupima kama dozi moja inaweza kutosha. Ilionekana kinga ya dozi moja inadumu. Matokeo hayo, pamoja na ya nchi nyingine, yaliingia kwenye mizani Shirika la Afya Duniani lilipokubali dozi moja mwaka 2022, na Tanzania ikahamia dozi moja mwaka 2024. Mama mwenye binti Kyela au Ludewa hahitaji tena kumrudisha binti yake kwa dozi ya pili. Hilo lilifanywa na utafiti. Hakuna hata mgonjwa mmoja aliyelazwa katika hadithi hiyo, na ukiisimulia kanisani au kwenye kikao cha VICOBA watu wanaelewa mara moja.

Wapo watakaosema utafiti ni wa mabilioni, vijisenti vyetu vitafanya nini. Hao nawasimulia habari ya Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa Mulago, Kampala. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walichukua gari kuukuu wakazunguka mashariki na kusini mwa Afrika kwa wiki kumi, takribani maili 10,000, wakiuliza hospitali moja baada ya nyingine kama wamewahi kuona watoto wenye uvimbe fulani wa taya. Walichokuwa nacho ni picha, ramani na maswali. Wakagundua kwamba ugonjwa ule hauonekani kwenye nyanda za juu zenye baridi, mahali kama huku kwetu, bali uko mabondeni kwenye joto na mvua. Ramani ile ilisaidia kuelekeza wanasayansi London, ambao mwaka 1964 walikiona kirusi ndani ya uvimbe huo. Kwa mafuta ya gari na subira.

Kuhusu saratani ya umio yenyewe, inajulikana kwamba iko kwa wingi katika ukanda wa mashariki mwa Afrika kuanzia Ethiopia kushuka hadi Afrika Kusini, nasi tuko katikati. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, lenye makao Lyon, Ufaransa, limeshirikiana na watafiti wa Eldoret nchini Kenya, Moshi na Malawi kuulinganisha mwenendo wa wagonjwa na wasio wagonjwa. Mwaka 2016 shirika hilohilo liliweka vinywaji vya moto sana, zaidi ya nyuzi 65, katika kundi la vitu ambavyo yaelekea husababisha saratani hiyo. Kwa sisi tunaokunywa chai ikiwa bado inatoa moshi kwa sababu ya baridi ya Uyole na Njombe, hilo si jambo la mbali. Baba alikuwa akilalamika chai "imelala" ikikaa dakika mbili. Simaanishi kwamba chai ndiyo iliyomuua. Mtu mmoja hathibitishi kitu. Ndiyo maana wanahesabu maelfu.

Hatua ya 1: Familia ikubali, kwa kikao

Usianze kwa bango. Anza kwa kikao cha ukoo, na usikiitishe kabla ya arobaini. Wenye msiba wanahitaji kulia kwanza, na mchango ulioanza mapema hudhaniwa ni wa kulipa madeni ya mazishi.

Kwenye kikao, amueni mambo haya na myaandike kwenye muhtasari: jina la marehemu litumike au lisitumike, picha yake ipi itumike, na isiwe ya kitandani, nani anaruhusiwa kusimulia ugonjwa wake na kwa undani gani. Shangazi yangu alikataa kabisa habari ya mpira wa kulishia kusimuliwa hadharani. Nilimbishia kidogo, kisha nikanyamaza, na alikuwa na haki. Kama ugonjwa ulikuwa wa matiti, shingo ya kizazi au tezi dume, uangalifu uzidi. Kama mgonjwa bado yu hai, yeye ndiye mwenye kauli ya mwisho, hata kama ninyi ndio mnaomlipia nauli. Tangu mwaka 2022 nchi ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na habari za afya ya mtu si za kutawanya ovyo hata kwa nia njema.

Jiandaeni pia kwa watakaosema ni kurogwa. Msibishane. Sisi tulimjibu mzee mmoja: "Sawa baba, basi huo uchawi nao tuufanyie utafiti." Akacheka, akatoa elfu kumi.

Hatua ya 2: Tafuta mpokeaji kabla ya kutafuta shilingi

Hapa ndipo wengi wanageuza kichwa kuwa miguu: wanakusanya, kisha wanauliza zipelekwe wapi. Nenda kwa mpokeaji kwanza.

Walio karibu nasi: Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, ina kituo Mbeya. Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya inahudumia mikoa ya nyanda za juu kusini, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina ndaki ya afya hapahapa Mbeya. Mbali kidogo kuna Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, katika eneo la hospitali iliyojengwa na Wajerumani mwishoni mwa karne ya 19; kuna hospitali ya Muhimbili na chuo chake kikuu, hospitali ya KCMC kule Moshi, na ya Bugando, Mwanza. Usidharau mwanafunzi wa udaktari bingwa anayefanya utafiti wa shahada yake. Wengi wao wanakwama kwa gharama ndogondogo, na fedha ya ukoo mmoja inaweza kumaliza kazi nzima. Ila hata huyo, fedha ipite chuoni, isiingie mfukoni kwake.

Andika barua, ipeleke kwa mkono, gonga muhuri wa mapokezi kwenye nakala yako. Kisha omba kuonana na mhusika wa utafiti na mhasibu, wote wawili. Maswali ya kuuliza:

- Je, mnaweza kupokea fedha yenye sharti, kwamba itumike kwenye utafiti wa saratani fulani tu?
- Mtaipokeaje? Taasisi za umma hutoa namba ya kumbukumbu ya malipo kupitia mfumo wa serikali. Ukipewa namba ya simu ya mtu binafsi, inuka, shukuru, ondoka.
- Kiasi gani kitakatwa kwa uendeshaji wa taasisi?
- Utafiti huo una kibali cha maadili? Utafiti wowote unaohusu binadamu lazima uwe nacho, na kina namba.
- Mtatupa taarifa gani, kwa maandishi, na lini?

Usiombe matokeo yawe ya namna fulani. Anayechangia hanunui jibu. Usiahidi pia kununua mashine. Mashine inahitaji fundi, vipuri, umeme na chumba, na mchango wa familia utaishia kwenye boksi stoo. Fedha ndogo hufanya kazi kubwa kwenye vitu visivyopigwa picha: nauli za washiriki wanaotoka vijijini, kuchapa madodoso, mafuta ya pikipiki ya wahojaji, kusafirisha sampuli zikiwa kwenye barafu, posho ya karani anayeingiza kumbukumbu za wagonjwa kwenye rejista. Hiyo ya mwisho naipenda kuliko zote. Bila kujua ni wangapi wanaugua, umri gani na wanatoka kata ipi, watafiti wanapapasa gizani.

Mkikubaliana, pata barua ya kukubali mchango. Hiyo barua ndiyo pasipoti yako kwa hatua zote zinazofuata. Sisi tuliisubiri wiki sita, tukakaribia kuanza bila yake. Nashukuru mweka hazina alikataa.

Hatua ya 3: Kamati, na fedha isiyopita mfukoni mwa mtu

Kamati ya watu watano hadi saba inatosha. Mwenyekiti awe mtu ambaye wazee wanamwamkia. Katibu awe anayeandika, asiwe anayeongea sana. Mweka hazina asitoke kwenye nyumba ya msiba. Hili nalisisitiza hata kama ndugu yako ni mhasibu wa benki, maana siku maneno yakianza, na yataanza, neno la mtu wa nje litawaokoa. Wa kwetu alikuwa mwalimu mstaafu, jirani, mwenye tabia ya kuandika hata senti ya kiberiti. Wengine: kijana mmoja wa simu na mitandao, mwakilishi wa kanisa au msikiti, na kama mtampata, muuguzi au tabibu wa kujibu maswali ya kitaalamu.

Andikeni katiba fupi, kurasa mbili zinatosha. Mkitaka kuendelea zaidi ya mara moja, sajilini kikundi halmashauri kupitia ofisi ya maendeleo ya jamii. Barua ya utambulisho ya mwenyekiti wa mtaa au mtendaji wa kata mtaihitaji kwa vyovyote, pale benki na kila ofisi mtakayobisha hodi.

Akaunti iwe ya kikundi, yenye watia saini watatu, na isitoke fedha bila saini mbili. Benki itawauliza muhtasari wa kikao, katiba, barua ya mtaa na vitambulisho vya taifa. Kwa wachangiaji wa simu, chukueni Lipa Namba kwa jina la kikundi badala ya namba ya mtu. Faida yake ni mbili. Mtumaji anaona jina la kikundi kabla hajaweka namba ya siri, na hakuna tena ile habari ya "weka na ya kutolea". Ulizeni makato mapema, muyaandike kwenye bajeti.

Niseme kilichotupata. Mwezi wa kwanza tulitumia namba ya simu ya kijana wetu mmoja, kwa haraka tu, "mpaka akaunti ikamilike". Hakuiba. Ila alikuwa na mkopo wa simu, na mtandao ukajikatia deni lake kwenye fedha ya mchango. Shilingi 38,000. Alizirudisha baada ya wiki mbili, lakini wiki hizo mbili zilitugharimu zaidi ya fedha hiyo.

Hatua ya 4: Bajeti na lengo

Weka lengo linalolingana na kitu kilichotajwa kwenye barua ya mpokeaji. "Tunatafuta milioni sita za kulipia nauli na madodoso ya washiriki" inaeleweka. "Tunatafuta fedha za kutokomeza saratani" haieleweki, na ni uongo.

Gharama za uchangishaji wenyewe zisizidi sehemu moja ya kumi ya mtakachokusanya. Huo ni mpaka wangu, haujaandikwa popote. Adui mkubwa ni fulana. Kila kamati inataka fulana. Kuzichapa kunakula fedha mapema kabla hamjapata kitu, saizi hazitoshi, na nusu zinabaki kwenye mfuko wa sandarusi chini ya kitanda cha katibu. Kama lazima, basi anayetaka alipie mwenyewe kwanza.

Mahesabu yetu, kwa mfano tu: lengo 6,000,000, ahadi 7,150,000, zilizoingia 5,238,000, gharama 412,000, zilizokabidhiwa 4,826,000. Ona pengo kati ya ahadi na fedha taslimu. Yeyote aliyewahi kukaa kamati ya harusi analijua pengo hilo.

Hatua ya 5: Chagua majira

Tarehe 4 Februari ni Siku ya Saratani Duniani, na mtu atapendekeza mchangishe siku hiyo. Kataeni kwa upole. Februari huku kwetu ni mvua, palizi, mbolea na watoto wametoka kununuliwa sare na kulipiwa ada. Hakuna kitu ndani. Tumieni Februari kutoa elimu na kutangaza nia. Fedha ifuateni inapokuwa mikononi mwa watu: mpunga wa Kyela na Usangu ukishavunwa, mahindi yakishauzwa, kahawa ya Mbozi ikishaanza kulipwa. Kwetu Julai hadi Septemba ndiyo dirisha. Oktoba, mwezi wa kuhamasisha kuhusu saratani ya matiti, unafaa kwa kumalizia ahadi.

Wa mishahara wana kalenda yao. Waombe tarehe 25, usiwaombe tarehe 12.

Hatua ya 6: Ombi

Mashine ya michango ya harusi tunayo tayari: kadi, kundi la WhatsApp, orodha ya ahadi, vikao vya Jumapili jioni. Itumie ilivyo, ila ondoa kitu kimoja: kuaibishana. Kwenye harusi tunabandika majina ya wasiolipa. Hapa usithubutu, kwa kuwa huyo asiyelipa huenda naye ana mgonjwa ndani ambaye hajamtaja kwa mtu.

Anza na watu kumi wa karibu, ana kwa ana, kabla ya kutuma meseji yoyote. Orodha inayoanza na ahadi kumi zenye uzito huvuta ya kumi na moja. Kwa walio mbali, andika kwa mtu mmoja mmoja. Meseji niliyoitumia kwa wazee ilikuwa hivi:

"Shikamoo baba mdogo. Unakumbuka kaka yako alivyoondoka, alishindwa kumeza hata uji. Familia tumeamua kuchangia utafiti unaotafuta chanzo cha ugonjwa ule. Si deni la msiba, hayo yaliisha. Barua ya taasisi itakayopokea nimekuambatishia. Naomba ahadi yako kufikia tarehe 30 Julai na malipo kufikia tarehe 15 Septemba. Ukilipa, jina litakalotokea ni la kikundi. Likitokea jina la mtu, usitume, nipigie. Stakabadhi nitakuletea mwenyewe."

Sentensi kuhusu jina tuliiongeza baada ya mtu kuchukua bango letu, akafuta namba, akaweka yake, akalisambaza kwenye makundi mengine. Picha ya baba ikiwa juu. Tulitoa taarifa polisi na kwa mtandao wa simu, kisha tukatangaza namba sahihi makanisani kwa mdomo. Tangu siku hiyo kila bango letu lina tarehe na mahali pa kuhakiki: ofisi ya mtaa, kwa jina la cheo na si namba ya simu.

Makundi ya watu yanahitaji lugha tofauti. Bodaboda wa Kabwe au Uyole hawatasoma barua. Nenda kijiweni asubuhi kabla ya pilika, ongea dakika tatu, waache waweke wenyewe kiwango chao cha siku. Chama cha ushirika cha kahawa kinataka barua mapema, iingie kwenye ajenda ya mkutano wa wanachama. Wafanyabiashara wa mbao wa Mafinga na wa viazi wa Makambako wanataka kujua nani mwingine ametoa. Iringa na Njombe ukianza kwa "kamwene", salamu ya huko, umeshafungua nusu ya mlango. Ndugu waliohamia Dar na ng'ambo hutoa kwa wingi, ila wanataka picha ya stakabadhi usiku uleule.

Kanisani, mwombe mchungaji au padri Jumapili moja ya mnada. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo tulipopata zaidi kuliko mahali pengine popote. Watu huleta walichonacho: jogoo, debe la mahindi, parachichi, maboga, mkungu wa ndizi kutoka Tukuyu. Mzee wa kanisa ananadi. Mnunuzi wa kwanza wa mkungu ule alilipa 30,000, akaurudisha mbele uuzwe tena. Wa pili akafanya hivyohivyo. Uliuzwa mara nne, na aliyeondoka nao alikuwa mama mjane aliyetoa elfu nne, kwa sababu aliyemtangulia alisema wote waliobaki wakae kimya. Ili mnada uende vizuri uwe na waandishi wawili wasiokaa pamoja, kila mmoja na daftari lake. Mlinganishe mbele ya watu kabla ya kufunga. Fedha ihesabiwe palepale, ipelekwe benki Jumatatu asubuhi na watu wawili. Msikitini utaratibu ni wa imamu na kamati yake, na Ijumaa ina muda mfupi. Mpelekee maelezo ya mistari mitano ayasome mwenyewe.

Bahati nasibu ya tiketi iepukeni. Huo ni mchezo wa kubahatisha, una bodi yake na leseni yake.

Hatua ya 7: Matembezi, kama lazima

Mbeya inapenda mbio na matembezi, na kupanda mlima Loleza alfajiri ni jambo zuri kweli. Lakini tukio ni la kupaza sauti, halileti fedha nyingi lenyewe. Fedha inatokana na ahadi: kila mtembeaji aje na wadhamini wake kumi. Barua polisi na kwa mtendaji wa kata wiki kadhaa kabla, njia iepuke barabara kuu ya malori ya Tunduma, awepo muuguzi na gari moja. Maji na ndizi vinatosha. Spika za kukodi hazina faida yoyote mlimani.

Hatua ya 8: Kukusanya ahadi

Piga simu, usitume meseji. Mara ya kwanza siku tano kabla ya tarehe, mara ya pili wiki moja baada yake, na ya tatu usipige. Atakayetaka atalipa.

Katika simu hizo utakutana na jambo ambalo hakuna aliyenitahadharisha: watu wataanza kukusimulia wagonjwa wao. Mmoja aliniambia mke wake ana miezi mitatu nyama haipiti, na anatumia mizizi kwa mganga. Usijifanye daktari, na usifungue mchango mpya papo hapo. Uwe na jibu moja tayari: chakula kikikwama zaidi ya wiki mbili, damu isiyo ya kawaida, uvimbe unaokua, kidonda kisichopona, aende hospitali wiki hii, asingoje mavuno. Mpe namba ya muuguzi wa kamati, aliyekubali kupigiwa. Yule bwana alimpeleka mkewe.

Hatua ya 9: Kukabidhi na kutoa taarifa

Makabidhiano yafanyike kwa malipo ya benki, si kwa hundi kubwa ya karatasi ya kupigia picha. Wakipenda picha, sawa, lakini risiti kwanza. Ndani ya siku 14 toa taarifa ya ukurasa mmoja: zilizoahidiwa, zilizoingia, zilizotumika na kwa nini, zilizokabidhiwa, namba ya risiti. Isomwe kulekule mlikochangisha, kanisani, kijiweni, kwenye mkutano wa ushirika. Majina na viwango vya watu binafsi visiwemo. Bandikeni nakala ofisi ya mtaa.

Waambieni watu ukweli kuhusu muda. Utafiti unaweza kuchukua miaka, na unaweza kuisha kwa kusema "kitu hiki tulichokishuku, hakihusiki". Hilo nalo ni jibu. Linawaondoa wengine kwenye njia isiyofika. Baba mkubwa alipolisikia alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama anaweza kwenda kuhojiwa yeye mwenyewe, maana alikula chungu kimoja na marehemu miaka yote ile. Nilimpeleka kwa watafiti nao wakamweleza utaratibu: washiriki huchaguliwa kwa vigezo, hawaji kwa kujitolea hivyo. Alirudi amenuna.

Omba taarifa ya mpokeaji kila baada ya miezi sita. Wakichelewa, wakumbushe kwa barua yenye nakala ya makubaliano, bila kelele mitandaoni. Wanasayansi wengi si wabaya, wana kazi nyingi tu.

Daftari na stakabadhi zote zihifadhiwe na katibu kwa miaka mitano. Kama akaunti haitumiki tena, ifungeni kwa muhtasari wa kikao. Makato ya mwezi yatamaliza salio kidogokidogo, na siku moja mtu atauliza lilikwenda wapi. Mkitaka kurudia, msirudi kwa watu walewale kabla ya mavuno mawili kupita. Sisi tulipanga kurudi mwaka uliofuata. Mwalimu mstaafu akafungua daftari lake, akatuonyesha idadi ya waliotoa kwa kukopa, tukaahirisha.